Usukani Uliopinda: Unyooshwe au Ubadilishwe?

Maswali ya wasomaji kuhusu pikipiki

SWALI: Shikamoo fundi. Ninatumia Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba, ambaye alikuwa bwana shamba. Hivi karibuni niliteleza kwenye mchanga nikitokea Mlali kuja Kongwa, pikipiki ikaangukia upande wa kushoto. Mimi nilipata michubuko tu, lakini tangu siku hiyo, nikiwa naenda moja kwa moja, mkono wa kushoto wa usukani uko karibu na tumbo kuliko wa kulia. Fundi wa hapa kijijini anasema atauchoma kwa gesi na kuunyoosha kwa bei ndogo. Binamu yangu aliyeko Dodoma mjini ananishauri niachane na usukani huo na kununua ule mrefu wa kuinuka, kwa maelezo kwamba haumchoshi mtu mgongo. Nifuate ushauri wa nani? — Msomaji, Kongwa.

JIBU: Marahaba, na pole kwa ajali. Kabla ya kuchagua kati ya washauri hao wawili, hakikisha kwanza kwamba kilichopinda ni usukani wenyewe, kwa sababu dalili uliyoieleza inaweza kuletwa na vitu viwili tofauti, na kimojawapo hakihitaji kununua chochote.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa, nyoosha gurudumu la mbele lielekee mbele kabisa, kisha simama mbele yake na utazame kutoka juu ile sahani inayoshika vichwa vya shokapu mbili za mbele. Ikiwa sahani hiyo imekaa sawasawa na gurudumu lakini mkono wa kushoto umerudi nyuma, basi usukani ndio uliopinda. Ikiwa sahani yenyewe imekaa upande huku gurudumu likitazama mbele, basi shokapu zimejisokota ndani ya vishikio vyake, jambo la kawaida sana pikipiki inapoangukia ncha ya usukani. Hapo unalegeza boliti zinazobana shokapu juu na chini, ekseli ya gurudumu na boliti za madigadi ya mbele. Unalibana gurudumu katikati ya magoti, unavuta usukani mpaka uwe sawa, unaikandamiza pikipiki mara kadhaa ili shokapu zijipange, kisha unakaza tena. Nimeona watu wakinunua usukani mpya, wakaufunga, na ukakaa upande vilevile.

Ukiwa bado uko hapo mbele, weka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke, kisha geuza usukani taratibu kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unanasa kidogo katikati, ujue vikombe vya gololi za shingo vimechimbika. Halafu shika miguu ya shokapu kwa chini uivute na kuisukuma. Ikicheza na kutoa mlio wa kugonga, gololi zimelegea. Kwa pikipiki iliyokula vumbi la Kongwa kwa miaka mingi, na kisha maji ya masika juu ya vumbi hilo, sitashangaa ukikuta grisi imegeuka kuwa tope gumu. Kazi ya kusafisha gololi na kupaka grisi mpya hufanyika vizuri zaidi usukani ukiwa umeshavuliwa, kwa hiyo ni busara kuifanya pamoja na ile ya usukani.

Sasa tuchukulie kwamba umehakikisha usukani ndio uliopinda. Kuhusu kuuchoma kwa gesi jibu langu ni hapana, hata kama fundi wako ana mkono mzuri. Bomba lililopinda limeshavutwa upande mmoja na kubanwa upande mwingine, na kulirudisha ni kulipinda mara ya pili palepale lilipochoka. Moto nao hubadilisha ugumu wa chuma na kuunguza kromu, kisha kutu huanza kula kimyakimya. Bomba la namna hiyo mara nyingi hukatikia karibu na klempu, yaani vishikio vinavyoubana usukani, mahali ambapo uzito wote wa mikono unaishia, na hukatika wakati dereva ameliegemea, yaani anapofunga breki au anapopita kwenye korongo. Ikiwa usukani ni wa aluminiamu, hata fikra ya kuunyoosha isiwepo. Fedha unayookoa kwa gesi ni ndogo mno kulinganisha na hatari hiyo.

Ushauri wa binamu yako hauna ubaya wenyewe, isipokuwa hajakueleza gharama yake yote. Juu ya usukani wa CG yako zimefungwa waya wa klachi, waya wa mafuta, waya wa breki ya mbele ikiwa yako ni ya ngoma, pamoja na nyaya za umeme za swichi zinazoingia ndani ya kopo la taa kubwa. Vyote hivyo vilikatwa kiwandani kwa urefu unaolingana na usukani uliokuja na pikipiki. Ukiweka usukani unaoinuka sana, waya wa klachi utavutwa kila unapogeuza kona, klachi itakuwa kama umeikamata nusu, na sahani zake zitaungua bila wewe kujua sababu. Ukiweka mfupi wa kulala, waya utabaki mrefu, utakunjwa mbele ya taa, na mkunjo mkali hufanya waya uwe mgumu na kukatika nyuzi moja moja. Kwa hiyo anayetaka usukani wa kuinuka ahesabu pia waya tatu mpya ndefu zaidi na kazi ya kuunganisha nyaya za swichi. Kwa maoni yangu, kwa pikipiki ya kazi inayotembea kati ya Kongwa na mashambani, usukani wenye umbo la ule wa zamani ndio wenye faida. Kama mgongo unauma, tazama kwanza kiti. Sponji ya kiti cha pikipiki ya umri huo huwa imekufa kabisa.

Unapokwenda dukani, nenda na usukani wa zamani mkononi, hata kama umepinda, na usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa. Unene wa bomba ndio wa kwanza kupimwa. Pikipiki nyingi za Kijapani, Kihindi na Kichina hutumia bomba la milimita 22, lakini zipo pikipiki kubwa, hasa za Kimarekani, zinazotumia milimita 25.4, na zipo sukani nene katikati, milimita 28.6, ambazo huchongoka kuelekea mikononi. Tofauti ya milimita tatu haionekani kwa macho ya haraka, na kipande cha bati kilichowekwa kuziba nafasi ndani ya klempu hakikubaliki hata kidogo. Baada ya unene, linganisha upana, kimo, na urefu wa ile sehemu iliyonyooka ya kila mkono ambako hukaa raba ya kushikia, swichi na liva ya klachi au breki. Kuna sukani za urembo ambazo mkunjo wake huanza mapema, swichi zikakosa mahali pa kukaa. Tazama pia mdomo wa bomba: ukikuta ukuta wake ni mwembamba kuliko wa ule wa zamani, urudishe hata kama kromu yake inang'aa. Katikati, mahali pa klempu, pawe na mikwaruzo ya kiwandani inayosaidia bomba lisizunguke.

CG125 ina bahati katika jambo hili. Muundo wake ulitoka katikati ya miaka ya 1970, ukakusudiwa kwa nchi ambazo barabara ni mbaya na mafundi wako mbali, na viwanda vya China viliuiga kwa wingi. Spea zinazofanana nayo bado zinapatikana mjini Dodoma bila kuagiza kutoka mbali, ingawa ubora wake haufanani.

Katika kufunga, funika tanki kwa blanketi kuukuu, piga picha kwa simu kuonyesha kila waya ulivyopita, na uchomoe betri kabla ya kugusa swichi. Raba ya mkono wa kushoto huwa imegundishwa. Ingiza bisibisi nyembamba, pulizia upepo wa kompresa au mimina spiriti kidogo, nayo itatoka nzima. Ukipachika raba mpya usipake grisi wala sabuni, kwa kuwa raba inayozunguka mkononi wakati umepakia mtu ni hatari. Tumia gundi yake.

Klempu ndizo zinazohitaji utulivu. Funga usukani kwa kulegea kwanza, kaa juu ya kiti, inua na ushushe mpaka viganja vikae bila kukunja kifundo. Sukani nyingi zina alama ndogo ya nukta inayotakiwa kulingana na mstari unaotenganisha kipande cha juu na cha chini cha klempu, ikiwepo, ifuate. Halafu vitazame vipande vya juu vyenyewe. Vikiwa na nukta au mshale, alama hiyo huelekezwa mbele, na kwenye pikipiki nyingi za Honda hukazwa boliti za mbele kwanza mpaka vyuma vigusane, kisha za nyuma, nafasi ndogo ikibaki nyuma. Mtu asiyelijua hilo huiona nafasi ile, akadhani kazi haijaisha, akaongeza nguvu mpaka boliti ikakatika ndani ya klempu ya aluminiamu. Pale ambapo hakuna alama, kaza kwa zamu ili nafasi ya mbele na ya nyuma zilingane. Kwa boliti za milimita 8, mkazo unaotajwa kwenye vitabu vya pikipiki nyingi uko kati ya nyutoni-mita 20 na 30, ambayo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi, bila kuongezea bomba.

Kopo la swichi mara nyingi lina kipini kidogo kwa ndani kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani mpya unaweza kukosa tundu hilo. Usikikate kipini, toboa tundu dogo la kipimo chake baada ya kujaribu mahali swichi itakapokaa, na usitoboe popote karibu na klempu.

Ukimaliza, rekebisha klachi ili ncha ya liva icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta, na mkono wa mafuta uzunguke bure milimita 2 hadi 6. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili na uhakikishe kwamba vidole havibanwi kwenye tanki na hakuna waya unaovutwa. Mwendo wa kwanza uwe wa taratibu, na baada ya siku chache za barabara ya vumbi angalia tena mkazo wa klempu.

SWALI: Nilibadilishiwa usukani wa pikipiki yangu ya zamani. Sasa nikikata kona ya kushoto injini inapiga resi yenyewe, nikinyoosha inatulia. Fundi anasema ni kabureta. Je, ni kweli? — Msomaji, Bahi.

JIBU: Kabureta haijui kama unakata kona. Waya wa mafuta ndio unaovutwa, ama kwa sababu ulipitishwa upande usio wake wa shingo ya fremu, ama umebanwa kati ya shingo na kopo la taa, ama usukani mpya umeinuka kuliko wa zamani. Usiendelee kuiendesha katika hali hiyo, kwani siku utakapogeuza ghafla kumkwepa ng'ombe, pikipiki itaongeza kasi wakati wewe unataka ipunguze.

Washa injini ikiwa imesimama kwenye stendi, iache ingurume bila kuongeza mafuta, kwa sauti yake ya kawaida, kisha geuza usukani pande zote huku ukisikiliza. Ukishapitisha waya upya, sauti isibadilike hata kidogo. Fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na uuachie katika kila upande: unapaswa kurudi wenyewe kwa haraka. Usiporudi, chungulia kama raba ya kulia inasugua kopo la swichi, au kama waya umeota kutu ndani. Tazama pia nyuzi zilizo karibu na kichwa cha waya, pale unapoingia kwenye mkono. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha waya wote. Na kwa kuwa pikipiki nyingi zimepigwa namba ya fremu kwenye shingo, hakikisha waya uliopitishwa vibaya haujaanza kuisugua namba hiyo. Ikifutika utapata kazi ya kujieleza mbele ya trafiki na kwenye kadi.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda. Usukani wangu ni mpana na unanisumbua kupita kati ya magari. Naweza kuukata? — Msomaji, Nkuhungu.

JIBU: Unaweza, kwa kipimo kilekile pande zote mbili, ikiwa tu raba, swichi na liva zitabaki na nafasi yake kamili kwenye sehemu iliyonyooka. Jaribu kwanza kwa kuzisogeza ndani bila kukata, uendeshe hivyo kwa siku kadhaa ukiwa na abiria. Usukani mfupi hufanya pikipiki iwe nzito kugeuza, hasa ukiwa na mzigo kwenye mchanga, na madereva wengi hugundua hilo baada ya msumeno kupita. Vioo navyo vitaingia ndani, na ukianza kuona mabega yako mwenyewe badala ya gari linalokuja nyuma, rudisha kila kitu mahali pake.