Kabla hujahamia mji mdogo Marekani, soma ramani kwanza (mimi niko Fort Morgan, Colorado)

Majibu ya lotari ya grinikadi yakishatoka tu meseji zinaanza kumiminika, na swali ni lile lile, eti kaka huko kwenu kukoje, ni mjini au porini, mko wangapi, naweza kuja na familia? Nawajibu hapa wote kwa mpigo. Ushauri wangu mkubwa ni huu, usiulize watu wangapi ukaishia hapo, uliza wametawanyikaje na wanaishi kwa kazi gani, maana ile namba peke yake itakudanganya mchana kweupe.

Tuanze na kibao. Ukitoka Denver unashika haiwei ya I-76 kaskazini mashariki kama maili 80 hivi, milima inabaki nyuma yako na mbele ni tambarare tupu, na ukifika utakuta kibao cha mji kimeandikwa 4,300 na kitu. Usije ukampigia mama simu ukamwambia mji una watu elfu nne! Colorado kwenye vibao vya miji wanaandika mwinuko wa mji kutoka usawa wa bahari, kwa futi, watu hawawaandiki. Hizo futi ni kama mita 1,300, yaani kwa urefu hatuko mbali sana na Arusha, ila usije na sweta la Arusha, huku usiku wa Januari kushuka mpaka nyuzi kumi chini ya sifuri wala hakuna anayeshangaa, halafu Julai jua linakuchoma mpaka unakumbuka Dodoma.

Watu sasa. Sensa ya 2020 Fort Morgan ilihesabiwa watu 11,597, ile ya 2010 walikuwa 11,315, kwa hiyo miaka kumi wameongezeka 282 tu. Ukiangalia hivyo utasema mji umelala, lakini mji wenyewe unaingiza na kutoa watu kila siku, wanaokuja kufuata kazi, wanaokimbilia Denver wakishapata mtaji, watoto wakimaliza shule hao wanaondoka. Kaunti nzima ya Morgan, ambayo sisi ndo makao makuu yake, ina watu 29,111. Haya, eneo la hiyo kaunti ni kama Unguja mbili, na Unguja moja sensa ya 2022 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Piga hesabu mwenyewe. Ndo maana nikisema mahali pana nafasi simaanishi nafasi ya kupaki gari, namaanisha unaweza kuendesha dakika ishirini mashambani ukakutana na trekta moja na ng'ombe tu.

Na hapa ndipo watu wanapopigwa. Anwani ya posta inaweza kuandikwa Fort Morgan wakati nyumba iko nje kabisa ya mpaka wa mji, maili kumi huko kwenye barabara ya changarawe. Huko nje barabara hazina majina ya kueleweka, ni namba na herufi, zimechorwa mraba mraba kama daftari la hesabu, sasa usiku na theluji juu kila kona inafanana na mwenzake. Ukiona tangazo la nyumba ya bei poa usifurahi kwanza, muulize mwenye nyumba umeme analipia wapi. Ndani ya mji umeme, gesi na maji ni vya manispaa yenyewe, bili inatoka ofisi za mji, nje ya mpaka ni mashirika mengine ya vijijini. Akikwambia bili haitoki mjini ujue hiyo nyumba siyo ya mjini, na kama huna gari achana nayo. Hata ukiwa nalo moja tu na mko wawili wenye shifti tofauti, achana nayo.

Kwa nini mji upo pale ulipo? Mto. South Platte unapita kaskazini ya mji ukielekea Nebraska, na mvua ya huku kwa mwaka mzima haifiki hata inchi 15, bila mifereji ya kumwagilia hakuna shamba hapa. Mji ulianzishwa 1884, kabla ya hapo ilikuwa kambi ya jeshi ya miaka ya 1860. Pale mtoni kuna daraja la zege la matao, la 1923, wenyewe wanaliita Rainbow Bridge, na pembeni yake bustani kubwa ya bure, mpeleke mtoto Jumamosi. Maji ya bombani nayo yana safari yake ndefu, yanatoka Carter Lake kule chini ya milima, tena sehemu kubwa yamevushwa kwa handaki kutoka upande wa pili wa milima ya Rocky.

Mifereji ikaleta shamba la viazisukari, viazisukari vikaleta kiwanda cha sukari, na mwanzoni mwa karne iliyopita vibarua wengi walikuwa Wajerumani waliotokea Urusi, baadaye wakaja Wameksiko. Leo karibu nusu ya mji ni Walatino. Kiwanda cha sukari bado kipo, msimu wake ukianza utaujua kwa pua kabla hujaambiwa. Kuna kiwanda cha jibini cha Leprino, na kile kikubwa kuliko vyote cha nyama ya ng'ombe cha Cargill chenye wafanyakazi kama 2,000. Hebu fikiria, wafanyakazi 2,000 kwenye mji wa watu elfu kumi na moja na ushee! Ndo maana mji mzima unakwenda kwa saa ya kiwanda, shifti ikitoka utaona foleni ya magari, ambayo huku ni kitu cha kushangaza, na dukani nako unasubiri.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 wakaanza kuja Wasomali, wengi wamepitia Dadaab na Kakuma, kambi za wakimbizi za Kenya, na hao Kiswahili wanacho. Siku moja niko dukani kwa Msomali nachagua iliki, mama mmoja nyuma yangu kwa sauti kabisa, "Wewe kijana, sogea basi, chai yenyewe ya mtu mmoja!" Nilicheka mpaka nikamlipia maziwa. Kwa hiyo usije ukasengenya watu kwa Kiswahili ukidhani uko salama. Ila ukitaka unga wa ugali na samaki wa maana itabidi uende Aurora, mji ulio jirani na Denver, unganisha na safari nyingine ili mafuta yasiende bure.

Nakushauri pia ujifunze Kihispania kidogo, siyo Kiingereza peke yake. Kule kiwandani kwenye mstari wa kukatia nyama anayekufundisha kunoa kisu mara nyingi ni Mlatino, na akiona unajitahidi hata kwa maneno mawili anakuchukulia kama mdogo wake.

Usafiri sina mengi. Treni ya abiria ya Amtrak inasimama hapa, ile ya Chicago kwenda California, moja kwa siku kila upande, hiyo siyo ya kwendea kazini. Uwanja wa ndege wa Denver uko upande wetu huu kwa hiyo ni saa moja na kidogo tu. Daktari bingwa utatumwa Greeley au Denver. Upepo wa theluji ukichachamaa wanafunga I-76, hapo weka kwenye buti blanketi, maji na koleo, na simu iwe na chaji.

Wenye watoto njooni Juni shule zikiwa zimefungwa, mpate muda wa kuandikisha na kutafuta nyumba ndani ya mji, maana nyumba za kupanga ni chache na zinaisha kwa kuambiana. Na gari ukishanunua lilaze chini ya paa miezi hiyo ya kiangazi, mvua ya mawe ya huku inatoboa kioo.