Maswali na Majibu: Muda Unapotelea Wapi Katika Mbio za Simuleta?

Swali (Mwanza): Ninaendesha gari la GT3 (daraja la magari ya mbio yanayotokana na magari ya kawaida ya kasi) katika Assetto Corsa Competizione, mchezo wa kompyuta wa simuleta ya mbio, hasa kwenye uwanja wa Monza wa Italia. Huwa ninakanyaga breki nikiwa nimechelewa kuliko wapinzani wangu wengi, na mara nyingi ninawapita tunapoingia kwenye kona, lakini muda wangu wa mzunguko haushuki. Ninakosea wapi?

Jibu: Kosa lako, kwa maelezo uliyoyatoa, liko katika namna unavyoiachia breki, na ninakuomba ulipe jambo hili uzito kuliko mengine yote utakayoyasoma hapa, kwa sababu ndilo linalowatenganisha madereva wa kawaida na madereva wenye kasi ya kweli.

Unapokanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele na tairi za mbele hupata mshiko zaidi. Ukiikanyaga kwa nguvu hadi dakika ya mwisho kisha ukaiachia kwa ghafla, pua ya gari hunyanyuka na tairi za mbele hupoteza mshiko wakati uleule unapozitaka ziligeuze gari. Gari huteleza kuelekea nje ya kona, unaongeza usukani, unasubiri, na unapofika mahali ambapo ungepaswa kuwa umekanyaga mafuta, magurudumu yako bado yamepinda. Tairi ina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo hugawanywa kati ya kazi ya kupunguza mwendo na kazi ya kukata kona. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu mapema, gari likiwa limenyooka, kisha uiachie breki polepole kadiri unavyouzungusha usukani, ili unapofika ndani kabisa ya kona mguu wako uwe umebaki na shinikizo dogo tu au umeondoka kabisa. Magari ya GT3 yana ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, na mfumo huo unakulinda vizuri katika mstari ulionyooka, lakini ukiutegemea huku magurudumu yamepinda gari litakataa kugeuka.

Monza ni uwanja wa kilomita 5.793 na sehemu yake kubwa hupitwa ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, ndiyo maana kasi unayotoka nayo kwenye kona ina thamani kubwa sana pale. Chukua kona ya pili ya Lesmo, ambayo inafuatwa na mwendo mrefu hadi kona za Ascari. Dereva anayekwenda kwa wastani wa kilomita 180 kwa saa hutumia sekunde 10 kukata mita 500, ilhali anayekwenda kwa wastani wa kilomita 185 hutumia takribani sekunde 9.73. Hata kama upinzani wa hewa utaila nusu ya tofauti hiyo, umebaki na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoka kona moja tu. Vivyo hivyo kwa kona ya kwanza, ile ya kulia na kushoto baada ya mstari wa kuanzia, kwa kuwa kasi unayotoka nayo pale unaibeba kupitia kona ndefu ya Curva Grande yote hadi kona za Roggia.

Kwa hiyo, katika mazoezi yako yajayo, kanyaga breki mita 10 mapema kuliko ulivyozoea, na ujiwekee kipimo kimoja: ukishaanza kukanyaga mafuta, usilazimike kuyaachia tena hadi breki inayofuata. Ukilazimika kuyaachia, uliingia kwa kasi mno, hata kama moyo wako unakuambia vinginevyo. Ukishaweza hivyo kwa mizunguko kadhaa mfululizo, rudisha zile mita kidogo kidogo.

Swali (Nakuru): Ninatumia usukani wa Logitech G29. Je, nikinunua usukani wa bei kubwa unaozungushwa na mota moja kwa moja, nitashusha muda?

Jibu: Huenda kidogo, lakini kama una fedha ya kifaa kimoja tu, nunua pedali ya breki inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali inaposhuka. Mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali, na kazi niliyoieleza katika jibu lililotangulia inategemea kumbukumbu hiyo.

Kabla ya kununua chochote, rekebisha upana wa mtazamo, yaani pembe ya mandhari ambayo mchezo unaionyesha kwenye skrini, kwani hilo halina gharama. Skrini ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukiketi sentimita 60 mbele yake, mtazamo sahihi ni takribani nyuzi 53 kwa mlalo, au nyuzi 31 kwa wima, na Assetto Corsa Competizione hutumia kipimo cha wima. Mwanzoni utaona kama unachungulia dirishani. Vumilia, kwa sababu kona sasa zitakuwa mahali zilipo kweli na utaacha kugeuza usukani mapema mno.

Swali (Dar es Salaam): Nimepakua mipangilio ya gari ya dereva mwenye kasi kubwa, lakini kasi yangu imepungua. Kwa nini?

Jibu: Mipangilio hiyo mara nyingi huacha sehemu ya nyuma ya gari ikiwa nyepesi kuteleza, kwa sababu mwenye nayo anaitumia ili gari ligeuke haraka, na ana mikono ya kuitawala. Anza na mpangilio salama unaokuja na mchezo, kisha ushughulikie upepo wa tairi peke yake. Katika matoleo ya karibuni ya Assetto Corsa Competizione, tairi za barabara kavu zinapendelea upepo wa kati ya psi 26 na 27 zikiwa zimepata moto, na upimaji ufanyike baada ya mizunguko kadhaa, usifanyike gereji.

Angalia pia tangi. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75, hivyo lita 60 zisizohitajika ni kilo 45 unazozibeba kwenye kila kona.

Swali (Mombasa): Seva ninazozitumia ziko Ulaya na ucheleweshaji wa mawasiliano ni milisekunde 150. Je, umbali huu ndio unaoniongezea muda?

Jibu: Hapana. Katika iRacing, ambayo ni simuleta nyingine ya mbio za mtandaoni, na Assetto Corsa Competizione, mwenendo wa gari lako hukokotolewa na kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo muda wa mzunguko wako hauathiriwi na umbali wa seva. Kinachoathiriwa ni nafasi ya magari ya wengine unavyoyaona. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husogea zaidi ya mita 8 katika milisekunde 150, na ingawa programu hukisia mahali lilipo, ukisio huo hukosea zaidi wakati wa kukanyaga breki. Waachie wapinzani nafasi pana ubavuni.

Swali (Kampala): Katika mazoezi ya Mazda MX-5 kule iRacing nina kasi nzuri, lakini katika shindano ninapoteza karibu sekunde nzima kila mzunguko. Nifanye nini?

Jibu: Fanya mazoezi ukiwa na mafuta ya shindano zima, na usibonyeze kitufe cha kuanza upya kila unapokosea. Shindanoni, magari mawili yanayoviziana kila kona hupoteza muda yote mawili, ilhali yakifuatana kwa mstari, la nyuma hunufaika na hewa iliyopasuliwa na la mbele. Kumbuka pia kwamba kutoka nje ya barabara huhesabiwa alama 1 ya kosa, kupoteza udhibiti wa gari alama 2, na kugongana kwa nguvu alama 4, na leseni yako ya mchezoni hupanda au kushuka kwa hesabu hiyo.

Swali (Mwanza, msomaji yuleyule wa kwanza): Nitajuaje kama ninaiachia breki ipasavyo?

Jibu: Mchezo unaoutumia unaweza kuhifadhi data inayofunguka katika programu ya MoTeC. Weka mchoro wa breki juu ya mchoro wa usukani. Mstari wa breki unapaswa kupanda kama ukuta na kushuka kama mteremko, na mteremko huo uendelee huku mstari wa usukani ukipanda. Ukiona breki imeanguka wima hadi sifuri kabla usukani haujaanza kusogea, rudi kwenye zile mita 10.