Mzazi akivunjika mkono, msiishie kwenye plasta

Mama aliteleza bafuni kwetu Mbagala, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Ana miaka 68. Hospitali wakamfunga plasta, wakampa dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa umevunjika kirahisi vile. Hata mimi sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyeuliza ni daktari wa zahanati ya mtaani anayemfuatilia presha. Alifungua kwenye simu kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Ni bure, ni cha watu wa miaka 40 hadi 90, na hutoa asilimia mbili: uwezekano wa kuvunjika nyonga ndani ya miaka 10, na uwezekano wa kuvunjika nyonga, mgongo, bega au mkono kwa jumla. Kinafanya kazi hata kama mgonjwa hajapigwa picha ya kupima uimara wa mifupa, ambayo si kila familia inaimudu.

Ila kinategemea majibu yenu. "Mama, umewahi kutumia prednisoloni?" "Hapana, mwanangu." Hapo nikakumbuka bahasha ya kaki kabatini: vidonge vya pumu alivyomeza miezi minne mfululizo. Ndivyo hivyo hivyo, na vikimezwa muda mrefu hudhoofisha mifupa! Tena bibi, mama yake mzazi, alivunjika nyonga. Sisi tulijua ni uzee tu. Kila jibu lilipandisha asilimia.

Kwa hiyo ndugu zangu, bebeni bahasha zote za dawa, hata za zamani. Ulizeni nani kwenye ukoo alivunjika nyonga. Mzee apimwe urefu upya, msitaje wa ujanani. Mama alikuwa amepungua sentimita 4, daktari akahofia pingili za mgongo zimevunjika, akaagiza picha ya mgongo palepale.

Namba haiamui peke yake. FRAX ile haihesabu mzee ameanguka mara ngapi, kwa hiyo daktari alituuliza sana kuhusu bafu, taa za usiku na kandambili. Akapima figo na kalisiamu kwanza, ndipo akamwanzishia alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki.

Siku yake ni Jumamosi. Alfajiri, kabla ya chai, mama anakimeza kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha anakaa wima barazani nusu saa bila kujilaza. Mjukuu wake ndiye anayeshika saa.