Jibu: Vikombe vilivyovunjika, nifiche nyufa au niziache?

Ndugu, umeuliza kama kuunga vikombe vya kiwandani vilivyovunjika ni uchongaji au ni ukarabati tu, na kama nyufa zifichwe. Mimi ningeziacha wazi.

Mtazame Yeesookyung, msanii wa Korea Kusini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 anakusanya vigae vya vyombo ambavyo mafundi wenyewe wamevivunja kwa kuwa vilitoka na dosari, anavigandisha kwa gundi ya epoksi, kisha anapaka viungo dhahabu ya karati 24. Chombo cha awali hakirudi; kinatoka kitu kimevimba huku na huku, hakina hata pa kutia maji. Hapo ndipo anapoachana na kintsugi ya Wajapani, ambayo hutumia utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu ili bakuli lilelile lirudi mezani.

Vikombe vya kiwandani vina utamu wao: mia nzima vinafanana, ila ukiviangusha, hakuna viwili vinavyopasuka sawa. El Anatsui, mchongaji kutoka Ghana, naye hushona vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, na sijasikia mtu akimwita fundi viraka.

Kabla ya gundi, simamisha vigae kwenye beseni la mchanga uone vinavyoegemeana. Epoksi ikishakauka, kubandua ni kazi. Na vaa glavu, kingo za kauri ni wembe.