Kabla ya "nini kilitokea", uliza "unasikia wapi"

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na cheti kipya cha ushauri nasaha, daftari, na hema moja katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya na kuwang'oa mamia ya maelfu makwao. Waliofika pale uwanjani walilala juu ya magunia, chini ya maturubali. Sisi wa kujitolea tulikuwa tumefundishwa jambo moja: waketi duara, kila mtu asimulie yaliyomfika tangu mwanzo hadi mwisho, atoe ya moyoni. Tuliamini kwamba kilichosemwa kimetoka.

Mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alisimulia vizuri kuliko wote. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Nyumba, moto, mume. Nilimshukuru kwa ujasiri. Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi mikono ilikuwa imemfa ganzi hadi kwenye viwiko, hawezi kushika kikombe cha uji. Nikamwita tena, nikamwomba asimulie tena, kwa sababu sikuwa na chombo kingine. Kosa hilo nalikumbuka kila ninapofungua chumba changu cha kazi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti walikuwa wameshalipima jambo hilo na kuona kuwa kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mara tu baada ya msiba hakiwakingi na kiwewe, yaani jeraha la ndani linalobaki baada ya tukio la kutisha, na wengine huwazidishia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unasema wazi: sikiliza anayetaka kusema, lakini usimshurutishe mtu kusimulia. Laiti ningekuwa nao mkononi miaka mitatu nyuma.

Kilichonigeuza mimi, hata hivyo, hakikuwa kitabu. Ilikuwa 2013. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia kazini alinisikiliza nikieleza habari za mteja fulani, akaninyamazisha kwa upole, akauliza, "Pumzi yako iko wapi?" Nikatafuta. Ilikuwa imekwama chini ya koo, na mabega yamepanda karibu na masikio. Nikatambua kuwa nimekaa hivyo tangu lile hema. Nilikuwa nimepimwa shinikizo la damu, nimemeza dawa za kichwa, nimeambiwa sina ugonjwa. Siku ile nililia kidogo, nikatetemeka magoti, kisha nikapiga miayo kama mtoto aliyetoka kucheza. Sikusimulia chochote. Usiku nililala hadi adhana ya alfajiri.

Mwaka uliofuata nilianza mafunzo ya tiba ya kiwewe inayoanzia mwilini. Njia niliyosomea iliasisiwa na Mmarekani Peter Levine, aliyeanza kuijenga miaka ya 1970. Alijiuliza kwa nini wanyama wa porini, wanaoponea chupuchupu kila wakati, hawabaki na hofu kama sisi. Maelezo yake ni haya. Mwili ukiona hatari hauombi ruhusa: moyo hukimbia, damu huelekea kwenye misuli mikubwa, tumbo huacha kusaga chakula. Ukiweza kukimbia au kupigana, nguvu ile hutumika na kuisha. Usipoweza, mwili huganda, na nguvu iliyokusudiwa kwa mbio hubaki imefungiwa ndani. Mnyama akinusurika hutetemeka, huvuta pumzi, huenda zake. Binadamu huambiwa ajikaze.

Nilipokuwa nikisoma hayo nilimkumbuka nyanya yangu, mkandaji wa wazazi huko Mombasa. Kwa siku 40 alikuwa akienda kumkanda mama aliyejifungua, maji ya moto na mafuta, na hakuwa akimuuliza uzazi ulikwendaje. Alikanda mgongo na kiuno, akanyamaza. Siku ya nane, ya kumi, mzazi mwenyewe angeanza: "Bibi, siku ile niliogopa." Sidai kuwa nyanya alikuwa daktari wa akili. Lakini mpangilio wake ulikuwa sawa: mwili kwanza, maneno yatakuja yenyewe.

Na lugha yetu inalijua hilo. Sikio husikia, na ngozi nayo husikia: nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu, nasikia hofu. Tunasema mtu amekufa ganzi, damu imemsisimka, tumbo limemkata, roho iko mkononi. Mteja akiniambia "nguvu ziliniisha miguuni", huwa ananipa taarifa kamili ya mfumo wake wa neva. Kwa miaka mingi niliyasikia maneno haya nikayapita, nikiyadhani mapambo ya usemi, huku nikingoja "hadithi yenyewe".

Nieleze kazi inavyokwenda, kwa mfano wa kijana aliyenusurika ajali ya matatu. Alikuwa kiti cha mbele, kando ya dereva. Alikuja kwa sababu ya hasira na kukosa usingizi, si ajali. Ajali alisema imekwisha. Tukiwa tunazungumzia kazi yake niliona mguu wa kulia unakandamiza sakafu. Nikamuuliza, "Mguu unasikia nini?" Akautazama kwa mshangao. "Unafunga breki," akasema. Abiria hana breki. Siku ile mguu wake ulitaka kusimamisha gari na haukupata pa kukanyaga.

Hatukurudi kwenye ajali. Nilimwomba aweke unyayo ukutani asukume, polepole sana, kama anayesukuma mlango mzito, kisha apumzike, atazame mwembe nje ya dirisha. Kusukuma kidogo, kurudi kwenye mwembe. Paja likaanza kutetemeka. Nikamwambia hilo si ugonjwa, aliache. Baada ya dakika chache akashusha pumzi ndefu, uso ukapata rangi. Tulifanya hivyo kwa miezi, tukiichukua hofu kwa kijiko, si kwa sufuria. Sasa analala. Kiti cha mbele bado hakai, na simharakishi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na madogo. Hofu ikipanda, usifumbe macho. Yafungue, geuza shingo polepole, utazame chumba ulimo: mlango uko wapi, dirisha liko wapi, nani yupo. Mwili unahitaji kuona kwamba ni leo, si siku ile. Sikia miguu sakafuni na mgongo kwenye kiti. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, kwani mtu akitoa pumzi taratibu moyo hupunguza mwendo. Watu wengi huambiwa "vuta pumzi kwa nguvu" na kizunguzungu huwazidi. Tafuta pia sehemu moja ya mwili ambayo haina shida, hata kama ni kidole gumba, ukae nayo kidogo. Kwa mtu aliyeishi miaka na maumivu, kugundua kidole kilicho salama ni jambo zito. Nimeona wazee wakitokwa machozi kwa hilo. Na ukianza kufa ganzi, au picha za tukio zikikuvamia, acha. Simama, tembea, kunywa maji, mpigie mtu unayemwamini.

Kuna mambo sitaki yafichwe. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi na mapigo ya ajabu ya moyo hupimwa hospitali kwanza. Ushahidi wa njia hizi za mwili unakua, lakini bado ni mchache. Mwaka 2014 timu ya daktari Bessel van der Kolk huko Marekani ilichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu: baada ya wiki 10, zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ilhali kwa waliopewa mafunzo ya afya ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Inatia moyo, lakini ni wanawake 64. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2013, lilipendekeza tiba za mazungumzo zilizolengwa kwa kiwewe na ile ambayo mteja husogeza macho huku na huku akilikumbuka tukio. Mimi nawapa rufaa wateja kwa njia hizo bila kinyongo, na wanaotumia dawa siwaambii waache.

Jingine ni mguso. Tiba hii haihitaji mtu akuguse. Mimi wateja wengi siwagusi kabisa, na nikitaka hata kuweka mkono begani huuliza kwanza, na "hapana" huipokea papo hapo. Mtaalamu anayekwambia uponyaji wako unategemea yeye kukushika, ondoka. Kenya tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa na alisomea wapi. Asiyependa swali hilo, muache.

Uchaguzi mwingine wa Kenya ni Agosti 2027. Naomba Mungu pasiwe na mahema. Lakini makanisa, misikiti na vikundi vya kujitolea vikianza kujiandaa, nawasihi jambo moja kwa sababu ya yule mama na kikombe chake cha uji. Nunueni mablanketi kabla ya daftari. Tengeni kona iliyo kimya, yenye mkeka, maji na chai ya moto, ambapo mtu anaweza kukaa kando ya mtu mwingine saa nzima bila kuulizwa jina la aliyemchomea nyumba. Akitetemeka, mfunikeni na mkae naye. Akitaka kusema, msikilizeni hadi anapotaka kukomea, na msimwombe aendelee.