Kumsemea mgonjwa bila kumziba mdomo

Mdogo wangu anaishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, na uraibu wa pombe. Kwa miaka mingi tulizungushwa. Wodi ya magonjwa ya akili ilitaka kwanza aache kunywa. Kituo cha uraibu kilitaka kwanza zile sauti zitulie. Naye alikuwa anakunywa ili zitulie.

Kama unamsindikiza mtu wa namna hii, lishikilie hili: maradhi yote mawili yatibiwe pamoja, na watabibu wake wawe wanawasiliana. Miongozo ya tiba yenyewe inaelekeza hivyo, kwa hiyo usione haya kudai.

Halafu beba daftari. Langu lina dawa na vipimo vyake, saa alizolala, na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Kuna usiku alianza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Wahudumu wa zamu ile hospitalini walidhani ni ugonjwa wake wa siku zote. Nikawaonyesha ukurasa: alikuwa ameacha pombe ghafla siku mbili kabla. Arosto ya pombe, yaani mwili kuhangaika baada ya kuikosa ghafla, kwa mnywaji wa kila siku inaweza kuleta degedege na kuweweseka, na inaweza kuua. Familia zinazomfungia mtu chumbani "mpaka imtoke" nazielewa, maana wamechoka, lakini naomba sana wasifanye hivyo. Aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilizoea kumjibia kila swali, hadi siku aliponiambia mbele ya daktari, "Dada, mimi nipo hapa." Niliumia, kwa sababu alisema kweli.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unawagusa pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu: wasaidiwe kuamua, wasiamuliwe. Sasa tunakaa chini akiwa ametulia, tunaandika nimsemee nini, nini kibaki siri yetu, dawa ipi ilimtesa, na nani apigiwe simu akizidiwa. Neno "mlevi" nimelifuta kinywani, na nikilisikia kwenye foleni ya kliniki nasahihisha, hata kama anayelisema amevaa koti jeupe.

Mwezi uliopita aliniomba daftari. Siku alizoruka dawa, alisema, ataziandika mwenyewe.