Kutoka jukwaani hadi kitabuni: neno kwa wanamuziki wenzangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kondoa aliniandikia. Anapiga gita la solo, ana daftari limejaa mashairi, na anauliza kama auze gita apate hela ya kuchapa kitabu. Tangu diwani yangu ya pili, yaani kitabu cha mashairi, itoke, maswali ya namna hii yananijia sana, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mna daftari kama hilo chini ya godoro. Basi nawajibu wote kwa pamoja: gita usiuze, na kabla ya kuwaza kitabu, hakikisha kazi yako ina jina lako.

Mimi nimetokea bendi. Nilipiga gita la rizimu kwenye kumbi za hapa Dodoma mjini. Jumamosi tunakesha, Jumapili mwenye vyombo anagawa posho anavyojisikia. Nyimbo zetu nyingi nilitunga mimi. Siku ya kurekodi, mwenye vyombo alijaza fomu, na kwenye nafasi ya mtunzi akaandika jina lake. Nilikuwa nimesimama pale pale mezani, naiona kalamu inavyokwenda. Nilipouliza akanijibu, "Wewe una gita? Una spika? Utatunga kwa mdomo?" Mpaka leo nikipita Majengo nikausikia wimbo ule kwenye kibanda cha kahawa, moyo unauma. Lakini swali lake lilinikaa. Ndiyo, kwa mdomo inawezekana. Watu walitunga hivyo karne nyingi kabla ya spika kuingia nchi hii.

Nikaanza kuyaandika upya maneno yangu bila ala, na hapo nikagundua kitu ambacho wanamuziki wengi hawaambiwi. Gita linaficha. Kwenye wimbo nilikuwa naimba "Dodoma mji wetu wa vumbi", mizani (silabi) kumi, na mpiga ngoma anaibeba bila shida. Kwenye tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kila kipande (nusu ya mshororo) kinataka mizani nane. Nikakaa nayo usiku kucha mpaka ikatulia: "Dodoma mji wa vumbi, zabibu zimo shambani." Hesabu kwa vidole, nane na nane. Sikio lililozoea kushika rizimu linaisikia mizani iliyozidi kabla jicho halijaiona, na huo ndio mtaji wetu. Soma kila ubeti kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, rudi ukarekebishe.

Na asikudanganye mtu kwamba ushairi ni wa watu wa pwani peke yao. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa hapa hapa Dodoma, alizaliwa 1917 na kufariki 1969, na ngonjera tulizokariri shuleni zinakwenda na jina lake. Mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose naye alichukua ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze la Kigogo akavifikisha Ulaya. Ardhi hii inazaa watu wa sauti na watu wa maneno. Tusijidharau, ndugu zangu.

Kuhusu kuchapa. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu muda mrefu, kisha akaniambia ushairi hauuziki. Nikaamua kuchapisha mwenyewe, na sasa nachapisha na wenzangu. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, usinunue namba kwa mtu wa mtaani. Hakimiliki nenda COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu unapoitunga, na inaendelea kulindwa miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili kunakupa karatasi ya kuonyesha siku mtu atakapojaza fomu kwa jina lake. Mimi karatasi hiyo sikuwa nayo.

Prufu, ile nakala ya majaribio kabla ya kuchapa, isome mwenyewe, neno kwa neno. Ya kwangu ya kwanza ilikuja na herufi kubwa mno kwa ukurasa wa A5, ukwapi (kipande cha kwanza) umebaki juu, "shambani" imeanguka mstari wa chini peke yake. Mpangaji akasema wasomaji wataelewa. Nikakataa, nikakaa naye kwenye kompyuta hadi kila mshororo ukaenea kwenye mstari wake. Ubeti uliovunjika ni ubeti uliokufa, msikubali hata siku moja! Na chapa nakala chache kwanza.

Sasa gita. Nakala zangu nyingi zinauzwa pale ninapopiga: harusini, kwenye mahafali, siku za Nanenane pale Nzuguni. Napiga wimbo mmoja, naghani beti mbili tatu, halafu mezani watu wanakuja wenyewe. Duka la vitabu halikufanyii hivyo. Ukipeleka dukani kwa mali kauli, yaani ulipwe vikishauzwa, andikishaneni: idadi ya nakala, bei, na tarehe ya kurudi kuchukua hela au vitabu. Mwenye duka akikwambia "tunaaminiana, mdogo wangu", beba boksi lako uondoke.